Ijue Milango Ukiwa Mzima: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Famasi

Wiki ya kwanza chuoni huisha kwenye foleni. Kuna foleni ya kuhakiki vyeti, ya kitambulisho, ya chumba na ya bima, na katikati ya foleni hizo unakabidhiwa kijitabu cha kanuni ambacho wengi hukisukumia mvunguni pamoja na tranka. Humo ndani mna orodha ya watu wanaolipwa mshahara ili wewe usikwame: Mshauri wa Wanafunzi, mshauri wako wa kitaaluma, mnasihi, mganga wa zahanati ya chuo, afisa mikopo, dawati la jinsia. Hoja ya mwongozo huu ni moja: huduma hizo zina saa yake, kama dawa. Ukizifikia mapema zinafanya kazi. Ukizifikia shida ikiwa imeiva, mara nyingi hubaki kukupa pole na fomu ya kujaza. Namwandikia hasa anayeanza shahada ya famasi Tanzania, awe Muhimbili, Mwanza au Dodoma, ambako safari ni ya miaka 4. Anayesoma Nairobi ana miaka 5 na ofisi zenye majina mengine, lakini saa ni ileile.

Kwa mwanafunzi wa famasi jambo hili lina uzito wa peke yake, na sababu imo ndani ya kazi yenyewe. Tazama kinachotokea kwenye dirisha la dawa. Sirapu ya amoksilini ikishachanganywa na maji ina, tuseme, miligramu 125 katika kila mililita 5. Mtoto ameandikiwa miligramu 250 mara tatu kwa siku. Hesabu inatoa mililita 10 kila mara. Sasa cheti kije na nukta iliyofifia, isijulikane kama ni 25, 250 au 2.5. Mfamasia anayejua kazi hakisii wala haoni haya: anapiga simu kwa daktari aliyeandika, anauliza, anaandika jibu pembeni. Dawa ikishapimwa, mtu wa pili anasoma chupa, lebo na cheti kabla ya kitu chochote kuvuka kaunta. Fani nzima imejengwa juu ya dhana kwamba jicho moja halitoshi, hata likiwa la mtu hodari. Ajabu ni kwamba tunamlea mtu wa fani hiyo kwa miaka minne katika mazingira ambamo kuuliza kunahesabiwa kuwa dalili ya kuzidiwa. Anayezoea kuficha kwamba hesabu za ukolezi zinamshinda mwaka wa kwanza ana kila nafasi ya kuja kuficha nukta asiyoisoma mwaka wa sita, akiwa kazini.

Kuna ushahidi wa zamani kidogo unaolieleza jambo hili vizuri kuliko mihadhara mingi ya kuwakaribisha wanafunzi wapya. Katika miaka ya 1970 mwanahisabati Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi waliofika chuoni na alama nzuri walikuwa wakianguka somo la kalkulasi, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walikuwa wakifaulu. Wahadhiri walikuwa na majibu ya haraka: hawana ari, maandalizi hafifu, familia haziwasukumi. Treisman hakuridhika, alichukua wanafunzi 20 wa kila kundi akawafuatilia mpaka wanakosomea. Alikuta kwamba wanafunzi weusi walisoma kwa bidii sana, lakini kila mmoja kivyake. Wale wenzao walianza kivyao vilevile, ila baadaye walikutana, wakala pamoja, wakalinganisha majibu na kusahihishana bila huruma. Halafu liko jambo la pili, ambalo ndilo linatuhusu zaidi: chuo kilikuwa na huduma za msaada wa masomo, na waliokusudiwa hawakuzitumia. Zilionekana kuwa za walioshindwa, na hawa, kwenye sekondari walizotoka, ndio waliokuwa wakifundisha wengine. Treisman akaanzisha warsha zilizotangazwa kuwa za wanafunzi bora, zenye maswali magumu kuliko ya darasani, na matokeo yao yakabadilika.

Jiangalie katika kioo hicho. Hujaingia famasi kwa bahati. Uliingia kwa ufaulu wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) uliokufanya uwe ndiye unayezungukwa bwenini usiku wa kuamkia mtihani, ukieleza kemia kwa wenzako. Chuoni unakuta darasa zima limejaa watu wa aina hiyo, na kwa mara ya kwanza uko katikati ya msafara au mkiani. Kumwendea mshauri wa kitaaluma wakati huo kunauma kama kushushwa cheo, kwa hiyo unangoja matokeo ya muhula wa kwanza yakuamulie. Yakija na sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, mshauri atakupokea, ila nafasi ya kurekebisha alama za majaribio na za maabara imeshapita. Nenda wiki ya tatu, ukiwa huna tatizo lolote la kumweleza. Mwambie tu unasoma vipi na umepata ngapi kwenye testi ya kwanza. Mhadhiri mwenye wanafunzi wengi wa kuwashauri humkumbuka aliyekuja bila kilio.

Kikundi cha kusomea ndicho huduma ya kwanza, na bahati nzuri haihitaji fomu. Watu wanne wanatosha; wakifika saba, wawili wanasoma na watano wanapiga soga. Kila mmoja ahangaike na swali peke yake kwanza, kisha mkutane kwenye kimbweta mkiwa na majibu tofauti, maana mkikutana mikono mitupu mtaishia kumsikiliza mmoja. Na msiishie kurudia kusoma madesa tu. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi wakarudia kukisoma, wengine wakakifunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81 na waliojipima 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walibaki na 56, waliorudia kusoma 42. Desa linalosomwa usiku wa manane hukupa ule ushindi wa dakika tano, na ndiyo maana linaaminiwa sana. Farmakolojia ya mwaka wa pili, hata hivyo, utadaiwa tena mwaka wa nne wodini, mbele ya mgonjwa mwenye kisukari na shinikizo la damu.

Nyongeza moja kuhusu lugha, kwa kuwa haisemwi vya kutosha. Mnafundishwa kwa Kiingereza, mnajibu mtihani kwa Kiingereza, na mgonjwa wenu atakuwa mama aliyetoka Mbagala au Sengerema anayetaka kujua anywe dawa saa ngapi. Elezaneni kwa Kiswahili. Anayeweza kueleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini dawa fulani hainywewi na maziwa ameielewa. Anayeishia kurudia sentensi ya slaidi bado. Chukueni ile bahasha ndogo ya dawa iliyoandikwa 1×3 mkaitafsiri kama mfamasia anavyopaswa kuitafsiri: si asubuhi, mchana na jioni wakati wowote mtu akikumbuka, bali kila baada ya saa nane, yaani saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Zoezi hilo la dakika mbili lina famakokinetiki, lina mawasiliano na mgonjwa, na lina swali la mtihani pia.

Pesa ndiyo inayoangusha wengi kimyakimya, na takwimu ya GPA haionyeshi kwamba mtu alianguka kwa njaa. Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, posho ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Posho hiyo ya siku 60, yaani bumu, ni shilingi 600,000, na siku likitoka linaonekana ni mali. Ligawe siku hiyohiyo kwa wiki: ni shilingi 70,000 kwa wiki, na humo mna chakula, nauli, sabuni, vocha, fotokopi, na pango kwa aliyekosa hosteli. Mafungu mawili ya wiki yafiche mahali pagumu kufikika, kwa sababu bumu lijalo lina tabia ya kuchelewa, na anayeshindwa kusaini kwa wakati huchelewa zaidi. Koti jeupe na miwani ya maabara vinunue kabla ya simu. Rafiki akiomba umbebe chumbani kwa sababu hana kitanda, elewa kwamba kubebana ni utu na pia ni kosa katika kanuni za hosteli nyingi. Mpeleke kwa Mshauri wa Wanafunzi siku ya kwanza, maana vitanda vya walioahirisha masomo au waliopanga nje huwa vinapatikana mwanzoni mwa muhula, havingoji katikati.

Aliyekosa mkopo au kupewa pungufu ana dirisha la rufaa, nalo hufunguka kwa siku chache na kufungwa. Kila mwaka wapo wanaolikosa kwa sababu cheti cha kifo cha mzazi au barua ya serikali ya mtaa ilikuwa nyumbani Kigoma. Njoo na nakala zilizothibitishwa za kila kitu tangu siku ya kwanza, hata kama mkopo umepata. Usiingie kwenye mikopo ya kausha damu ya simu. Riba yake inakula wiki mbili za chakula kabla hujashtuka. Mkopo wa Bodi nao si sadaka: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo chukua unachohitaji. Wengine hutafuta kibarua kwenye famasi ya mtaani, na si wazo baya, kwani utajifunza majina ya biashara ya dawa zaidi kuliko darasani. Sharti langu ni moja: usikubali kuachiwa duka peke yako. Wewe hujasajiliwa na Baraza la Famasi, na chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 kutoa dawa ni kazi ya mtu aliyesajiliwa au anayesimamiwa naye. Mwenye duka anayekuambia wewe ni mfamasia tayari anakutumia kuokoa mshahara wa mfamasia.

Sasa afya, na hapa nitakaa kidogo. Mwanafunzi wa sheria akiugua huenda zahanati kwa kuwa hana njia nyingine. Mwanafunzi wa famasi hujitibu. Ana maarifa nusu na marafiki wenye funguo za kabati. Kikohozi anakimalizia na antibiotiki iliyobaki ya mwenzake, huku wiki ileile akivaa fulana ya kampeni dhidi ya usugu wa vimelea. Hilo ni aibu ndogo. Kubwa ni dawa za kuhimili chuo: vidonge vya usingizi baada ya wiki ya kukesha, tramadoli kwa anayetaka kuona dunia nyepesi, na propranololi inayopitishwa mkono kwa mkono kabla ya mtihani wa mdomo ili moyo usidunde. Propranololi umeisoma, unajua inazuia nini kwenye moyo. Lakini aliyekupa hakuuliza kama una pumu, na kwa mwenye pumu dawa hiyo inaweza kubana njia za hewa. Kidonge kilekile, kikiandikwa na daktari wa zahanati ya chuo, kingetanguliwa na swali la sekunde tano.

Kwa hiyo lipia bima na hakikisha kadi inasoma ukiwa mzima. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, fedha ambazo kitanda cha siku mbili kinaweza kuzimaliza. Nenda zahanati mara ya kwanza hata kwa kupima shinikizo la damu, ili faili lako lifunguliwe. Faili hilo lina kazi nyingine isiyotangazwa. Ukiugua karibu na mtihani, kanuni za vyuo vyetu kwa kawaida huruhusu kuahirisha, mradi barua na uthibitisho wa daktari vitangulie mtihani. Anayeingia chumba cha mtihani akiwa na homa ya nyuzi 39, akaandika kurasa mbili, kisha akaenda kujieleza baada ya matokeo, anakuwa amechagua mtihani uhesabiwe. Nimeona watetezi wa wanafunzi wakiita kanuni hii katili. Kwa maoni yangu ina mantiki, kwani bila hiyo kila sapu ingekuwa na malaria yake. Ila chuo kingeitangaza kwa sauti kubwa zaidi kuliko kinavyotangaza mavazi yasiyoruhusiwa.

Mnasihi ndiye anayekimbiwa kuliko wote, na sababu inayotolewa ni siri. Darasa la famasi ni dogo, kila mtu anamjua kila mtu, na ukionekana unatoka chumba kile jioni utaulizwa. Pingamizi hili siwezi kulipuuza, lina ukweli. Lakini lina ufumbuzi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kikao cha kwanza anza na maswali yako: nani atasoma ninachokuambia, kinaandikwa wapi, na katika hali gani utalazimika kumwambia mtu mwingine? Mnasihi aliyefunzwa atajibu bila kukasirika, na atakueleza kwamba hatari ya kujidhuru au kudhuru mtu ndiyo huvunja ukimya wake. Asiyeweza kujibu, muage kwa heshima. Vyuo vya afya viko jirani na hospitali zenye kliniki ya afya ya akili. Huko utakaa benchi moja na watu usiowajua, kwa kadi ya bima uliyokwisha lipia. Usingizi ukikukimbia kwa wiki mbili, chakula kikikosa ladha, na maabara uliyokuwa ukiipenda ikaanza kukuchosha kabla hujaingia, usisubiri wiki ya tatu.

Pingamizi lingine ni zito zaidi: kwamba huduma zenyewe ni dhaifu. Mnasihi mmoja kwa maelfu, ofisi yenye kufuli, fomu inayozunguka meza nne. Ni kweli, na sitakutia moyo kwa kukudanganya. Lakini fuata hoja hiyo mpaka mwisho wake. Ofisi iliyoelemewa humhudumia vibaya zaidi nani? Yule anayekuja na dharura, kwa sababu dharura inahitaji watu wanne wakubaliane leo. Anayekuja mapema anaweza kurudi mara tatu, akakuta likizo ya mhusika imeisha, akapata saini. Udhaifu wa huduma ni sababu ya kuwahi. Na pale panapooza kabisa, peleka lalamiko kwa maandishi kupitia serikali ya wanafunzi, yenye tarehe na nakala, kwa kuwa lalamiko la mdomo halina umri.

Wapo pia watakaokukumbusha kwamba kaka na dada zetu walimaliza bila mnasihi wala dawati. Walimaliza wale unaowaona. Walioondoka mwaka wa pili hawarudi chuoni kutoa ushuhuda kwenye wiki ya kukaribisha wapya, na kuwahesabu waliofika tu ni kosa ambalo mwalimu wako wa takwimu za tiba angelitia wino mwekundu. Isitoshe, waulize vizuri hao waliomaliza: wengi walikuwa na mjomba ofisini, mhadhiri wa kanisani, au mtu wa kijijini kwao aliyetangulia mwaka mmoja. Walikuwa na huduma, ila ya kujuana. Ofisi rasmi ipo kwa ajili ya asiye na mjomba.

Kuna jambo moja ambalo mapema yake ni ya siku, si ya wiki. Mhadhiri au msimamizi wa mafunzo akikuwekea alama mezani na mwili wako upande wa pili, hiyo ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua kuwa kosa katika kifungu cha 25. Usifute ujumbe wowote. Piga picha ya skrini, mtumie mtu unayemwamini, andika siku na mahali, kisha nenda dawati la jinsia au piga TAKUKURU namba 113, ambayo haitozi. Mwambie pia mmoja wa kikundi chako cha wanne.

Maisha mengine ya chuo nitayapitia kwa kasi, maana hayahitaji kubembelezwa. Cheza mpira, imba kwaya, nenda kaswida, lala. Ila usikose chama cha wanafunzi wa famasi, TAPSA, ambacho ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa fani hii, IPSF, lililoanzishwa London mwaka 1949. Faida yake si fulana wala picha za Siku ya Wafamasia Duniani, tarehe 25 Septemba. Faida ni kwamba unakaa kamati moja na mtu wa mwaka wa nne, na yeye anajua ni hospitali ipi humfundisha mwanafunzi na ipi humtuma chai, nyaraka gani zinatakiwa kwa ajili ya utarajali wa mwaka mmoja unaofuata shahada, na mitihani ya Baraza inaulizaje. Maarifa hayo hayapo kwenye kijitabu, hata ukikitoa mvunguni.

Muda, utasema, unautoa wapi? Ofisi nyingi za umma hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na katikati hapo ndipo pindi na maabara zilipojazana. Lakini hakuna wiki isiyo na pindi linaloahirishwa. CR, mwakilishi wa darasa, akituma ujumbe kwamba mhadhiri hatafika, darasa zima hugeukia kantini. Wewe pita kwa mnasihi kwanza: jitambulishe, uliza siku zake za kuwepo, andika namba. Kesho kutwa pita zahanati. Ni dakika kumi, na chapati utazikuta.